Mti wa Kusimama Kama Nguzo Katika Uwanja Mdogo

Katika jiji la Kampala, uwanja wa nyuma ya nyumba umekuwa kitu cha thamani kuliko zamani. Vilima ambavyo hapo kale vilifunikwa na migomba na mituba sasa vimefunikwa na mabati na vigae, na kiwanja kilichokuwa cha nyumba moja leo hukatwa vipande vitatu au vinne. Huko Kisaasi, Ntinda, Kyanja na Kyebando, familia nyingi zimebakiwa na ukanda wa ardhi wenye upana wa hatua chache tu, kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa jirani. Humo huanikwa nguo, humo huwekwa pipa la maji, humo watoto hucheza; na humo humo mama wa nyumba hutamani kupata mti wa matunda.

Haishangazi basi kwamba picha za mti mmoja wa kigeni zimewavutia wengi. Mti wenyewe ni mplamu uliofundishwa kusimama wima kama nguzo. Hauna matawi ya kutanuka, na plamu zake nyekundu hulishika shina tangu karibu na ardhi hadi kileleni. Wauzaji huusifu kuwa ndio mti hasa wa uwanja mdogo, na mtu akiutazama pichani huona kama kwamba umeumbwa kwa ajili ya ule ukanda wa nyuma ya jiko lake.

Je, mti huo waweza kupandwa Kampala? Jibu fupi ni kwamba waweza kupandwa, lakini matunda yake hayatazamiwi. Jibu refu lina faida zaidi. Linamfundisha mwenye uwanja namna ya kuchagua mti kabla hajafungua mkoba wake, na tena linamwonyesha nguzo nyingine, ambayo imesimama mlangoni pake siku zote pasipo kupewa heshima yake.

NGUZO YA UGENINI

Miti ya matunda yenye umbo la nguzo si jambo la kale sana. Katika miaka ya 1960, huko British Columbia nchini Canada, tawi moja la mtofaa wa aina ya McIntosh lilionekana limeota tofauti na mengine: nene, fupi, lenye majani mengi na karibu pasipo vitawi vya pembeni. Wataalamu wa kituo cha East Malling nchini Uingereza walilitumia tawi la aina hiyo kuzalisha mitofaa myembamba ya kupandwa katika bustani ndogo. Baada ya mitofaa, wenye vitalu wa Ulaya walianza kuuza miti mingine ya umbo hilo, mplamu ukiwa mmojawapo.

Lakini mplamu huwa nguzo kwa kazi kubwa zaidi. Huchaguliwa aina yenye tabia ya kupanda juu, kisha hubebeshwa juu ya shina la mplamu mwingine wenye mizizi isiyo na nguvu nyingi, ili mti usirefuke kupita kiasi. Kisha mwenye bustani hulazimika kuupogoa kila mwaka, akifupisha kila kitawi kinachojaribu kwenda kando. Akifanya hivyo, mti hubaki na urefu wa mita 2 au 2 na nusu hivi, na upana usiofika mita 1. Akiacha, mti huanza kurudia maumbile yake. Kwa hiyo wembamba wake ni adabu ya kufundishwa, na mwalimu wake hana likizo.

Kazi hiyo peke yake isingemzuia mtu wa Kampala mwenye bidii. Kinachozuia ni kitu kisichonunuliwa dukani, nacho ni baridi.

MTI USIOPATA USINGIZI

Mplamu ni mti wa nchi zenye majira ya baridi kali. Mwisho wa kiangazi cha huko huangusha majani yake yote, nao hulala. Usingizi huo si uvivu. Ndani ya macho ya matawi yake mna maua ya mwaka ujao, na macho hayo hayawezi kufunguka sawasawa mpaka mti uhesabu saa nyingi za baridi. Aina nyingi za plamu za Ulaya huhitaji saa 700 hadi 1,000, na nyingine zaidi ya hapo, katika hali ya chini ya nyuzi 7 za sentigredi. Aina za asili ya Asia ya Mashariki huridhika na saa chache zaidi, lakini nazo huhesabu kwa mamia.

Sasa na itazamwe Kampala. Jiji hili limekaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 27 au 28, na usiku kwa kawaida haliteremki chini ya nyuzi 15. Mwaka mzima hauna hata saa moja ya baridi aitakayo mplamu. Matokeo yake ni kwamba mti hupandwa, hutoa majani, huishi kwa mashaka, huangusha majani machache huku ukitoa mengine, mithili ya mtu aliyekesha siku nyingi akashindwa kulala wala kuamka. Maua hayaji, au huja mawili matatu yasiyoshika tunda. Mwenye mti hudhani kosa ni lake. Huongeza samadi, huongeza maji, na mti hauponi, kwa kuwa hauumwi. Unangoja majira ambayo hayatafika.

Wapo watakaosema kwamba matofaa, ambayo nayo ni matunda ya baridi, hulimwa humu humu Uganda. Ni kweli. Hulimwa Kigezi, katika vilima vya Kabale, kwenye kimo kinachokaribia mita 2,000 na zaidi. Lakini huko hupandwa aina zilizochaguliwa kwa kuwa hazidai baridi nyingi, kama Anna iliyozalishwa Israeli na Golden Dorset iliyotoka Bahamas. Juu ya hayo, wakulima hupukutisha majani kwa mikono na kuyainamisha matawi, ili kuudanganya mti uone kuwa majira ya baridi yamepita. Plamu zenyewe huzaa katika Afrika Mashariki mahali palipoinuka na penye ubaridi, kama vile Lushoto katika milima ya Usambara nchini Tanzania, na Limuru katika nyanda za juu za Kenya. Kampala si Kabale, wala si Lushoto. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

ZAMBARAU NALO JE?

Mtu aliyekosa plamu huenda akakumbuka zambarau, ambalo wenyeji wa Kampala huliita jambula. Hilo nalo ni tunda dogo, la rangi ya damu ya mzee, lenye kokwa moja, na katika lugha za Ulaya mara nyingi huitwa plamu ijapokuwa si wa ukoo huo. Mzambarau hauhitaji baridi hata kidogo, nao hustawi vizuri sana jijini.

Ubaya wake kwa mwenye uwanja mdogo ni ukubwa. Mzambarau huenda juu mita 15 na zaidi, na kivuli chake humeza kiwanja chote pamoja na cha jirani. Majira ya matunda yakifika, zambarau huanguka kwa mamia. Nguo zilizoanikwa hupata madoa yasiyotoka, na sakafu ya ua huwa ya rangi ya zambarau kwa wiki nyingi. Mfenesi una kosa kama hilo, tena tunda lake moja likianguka juu ya bati hulitoboa. Mwembe na mparachichi usiobebeshwa nayo ni miti ya watu wenye nafasi. Ugomvi mwingi wa majirani huanzia katika tawi lililovuka ukuta: huyu analia na majani yanayoziba mfereji wa paa lake, yule analalamika kuwa matunda yake yanachumwa na watoto wa upande wa pili.

Hivyo mama wa nyumba anautafuta mti ambao kwa maumbile yake, bila ya kuadhibiwa kwa mkasi, husimama wima, usiodai baridi, unaozaa upesi, na usiowagombanisha watu. Mti huo upo. Kwa Kiganda matunda yake huitwa amapaapaali. Ni mpapai.

NGUZO YA NYUMBANI

Asili ya mpapai ni Amerika ya Kati na kusini mwa Mexico. Wahispania waliueneza katika karne ya 16, na kupitia bahari na bandari nyingi ukafika katika nchi zote za joto, hata leo mtoto wa Afrika Mashariki hawezi kuamini kwamba ulikuwa mgeni. Pengine ndiyo sababu haupewi heshima. Mara nyingi humea wenyewe pale palipotupwa mbegu, kando ya jalala au nyuma ya choo, nao huzaa pasipo mtu kuutazama.

Lakini na utazamwe vizuri. Shina lake ni moja tu, limenyooka, halina matawi isipokuwa limekatwa au limezeeka. Matunda hulishika shina lenyewe, mstari juu ya mstari, kama vile zile plamu za pichani. Majani yote yako kileleni, yakifanya mwavuli wenye upana wa mita 2 au kuzidi kidogo, na chini yake mtu hupita, kamba ya nguo hupita, na mwanga wa jua hupenya wa kutosha kuotesha dodo na nakati. Mizizi yake ni laini. Si mizizi ya kupasua misingi ya nyumba. Ukipandwa leo, katika hali njema, tunda la kwanza laweza kuliwa kabla ya mwaka kwisha au mara tu baada ya hapo. Mplamu huko kwao hungojewa miaka mitatu au minne.

Iko faida nyingine ambayo wapangaji wataielewa upesi. Katika Buganda, mti wa kudumu si mti tu. Tangu zamani umekuwa dalili kwamba aliyeupanda amekaa mahali hapo na anapahesabu kuwa pake. Kwa sababu hiyo wenye nyumba wengi huwakataza wapangaji wao kupanda miti ya miaka mingi, wakiogopa madai ya baadaye. Mpapai hauleti hofu hiyo. Miaka yake ya kuzaa vizuri ni mitatu au minne, kisha huondolewa. Mpangaji asiyejua kama mwakani atakuwa hapo aweza kupanda mpapai na kula matunda yake kabla ya mkataba wake kwisha. Hata hivyo, ni adabu njema kumwomba mwenye nyumba ruhusa kwanza. Na jirani naye aarifiwe, ili mti usiwe habari ya kushtukiza ukutani kwake.

KUCHAGUA MBEGU

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na kupotea kwenyewe huonekana baada ya nusu mwaka. Mipapai iko ya namna tatu. Uko mpapai dume, ambao maua yake hutokea katika vikonyo virefu vinavyoning'inia, nao kwa kawaida hauzai. Uko mpapai jike, wenye maua makubwa yaliyobanana na shina. Huzaa mapapai ya mviringo iwapo umepata chavua kutoka mti mwingine. Na uko mpapai wenye jinsia mbili katika ua moja, ambao hujitosheleza, na mapapai yake huwa marefu.

Mche mdogo hauna alama ya kuaminika ya kutambulisha jinsia yake kwa macho. Hata hivyo mazungumzo ya vitalu vya kando ya barabara mara nyingi huwa ya namna hii:

"Ssebo, miche hii ni majike?"

"Yote majike, nnyabo. Chukua minne."

Muuzaji huenda ni mtu mwema, lakini ameahidi jambo asiloweza kulijua. Njia ya kujikinga ni kuanza na tunda lenyewe. Mama wa nyumba anunue sokoni, pawe Kalerwe, Nakawa au Owino, papai refu, tamu, lililoiva vizuri na lisilo na ugonjwa. Urefu huo ni ishara kwamba limetoka katika mti wa jinsia mbili. Mbegu za tunda kama hilo, ikiwa ua lilijichavusha lenyewe, hutoa kwa wastani theluthi mbili ya miti ya jinsia mbili na theluthi moja ya majike, wala halipatikani dume. Papai la mviringo lililopata chavua ya dume hutoa nusu kwa nusu: madume na majike.

Katika aina zifaazo familia ndogo iko ile iitwayo Solo, iliyopelekwa Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911 na kusitawishwa huko. Tunda lake ni dogo, kadiri ya kumtosha mtu mmoja, na utamu wake ni mwingi. Kwa nyumba isiyo na jokofu, papai linalokwisha kwa mlo mmoja ni bora kuliko papai kubwa ambalo nusu yake huchacha mezani.

KUOTESHA NA KUPANDA

Mbegu zikitolewa hufunikwa na utando laini wenye maji. Utando huo huzuia kuota, kwa hiyo zisuguliwe ndani ya chujio au kitambaa mpaka utoke, zioshwe, na zianikwe kivulini siku moja au mbili. Kisha zipandwe mbili mbili au tatu tatu katika vifuko vya plastiki vilivyotobolewa chini, au katika makopo yaliyotobolewa, kwa udongo uliochanganywa na mboji. Kina cha mbegu kisizidi sentimeta 1 au 2. Zimwagiliwe kidogo kila siku na zikingwe na jua kali. Kwa kawaida huota baada ya wiki mbili hadi nne. Miche ikifikia kimo cha shibiri moja, iko tayari kuhamishwa.

Kampala hupata mvua katika misimu miwili, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba. Mwenye uwanja apange hesabu zake ili miche ihamishwe mwanzoni mwa msimu, ardhi ikiwa imekwisha kulowa. Mahali pawe penye jua, hatua mbili kutoka ukuta wa nyumba, mbali na shimo la maji machafu. Shimo la kupandia liwe la sentimeta 60 kila upande na kina hicho hicho. Udongo wa juu uliotolewa uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri au mboji, kisha urudishwe shimoni wiki mbili kabla ya kupanda.

Tena katika shimo hilo moja ipandwe miche mitatu, ikiachana kwa shibiri mbili. Hii ndiyo siri ya wakulima wenye uzoefu. Miti ikianza kutoa maua, baada ya miezi minne hadi sita hivi, jinsia zitaonekana dhahiri. Hapo uachwe mmoja ulio bora, yaani wenye jinsia mbili au jike, na mingine ikatwe karibu na ardhi bila huruma. Aliyepanda mche mmoja tu akakuta ni dume amepoteza nusu mwaka. Aliyepanda mitatu hupoteza mbegu mbili tu.

Wapo wanaoshauri kwamba mpapai dume upigwe msumari shinani ili uzae. Ni kweli kwamba mti dume mara nyingine hugeuza baadhi ya maua yake na kutoa vijipapai vichache, lakini mabadiliko hayo huletwa na maumbile ya mti na hali ya hewa. Msumari huacha jeraha tu, na jeraha hukaribisha ugonjwa.

Kwa upande mwingine, dume la jirani lisichukiwe. Mpapai jike ulio peke yake huhitaji chavua, nayo huletwa na upepo na na nondo warukao wakati wa machweo. Dume moja laweza kuhudumia majike kumi hata zaidi katika mtaa mzima. Kabla ya kumshauri jirani aukate mti wake usiozaa, ni vema mtu ajiulize mapapai yake mwenyewe yanatoka wapi.

MAJI NI RAFIKI, MAJI NI ADUI

Mpapai hupenda maji yanayopita na huchukia maji yanayokaa. Mizizi yake ikizama katika maji yaliyotuama kwa siku mbili au tatu, huoza, na mti uliokuwa na afya hugeuka manjano na kuanguka. Kwa watu wa vilimani jambo hili ni dogo, kwani udongo mwekundu wa mteremko huyapitisha maji. Lakini wakazi wa mabondeni, kama wale wa Bwaise na kandokando ya Lubigi, ambako mvua kubwa hugeuka mafuriko, wasipande mpapai katika usawa wa ardhi. Wajenge kwanza tuta la mviringo, lenye kimo cha goti na upana wa hatua mbili, kwa udongo uliochanganywa na mboji, na mti usimame juu yake. Mahali ambapo maji huingia hadi ndani ya nyumba kila msimu, hata tuta halitoshi, na afadhali mtu atumie makopo kupanda mboga.

Wakati wa kiangazi mti upewe ndoo moja ya maji mara mbili kwa wiki. Maji yaliyosuuzia mchele na mboga yanafaa; maji mazito ya sabuni yasimwagwe hapo. Ardhi ya kuzunguka shina ifunikwe kwa matandazo ya nyasi au majani makavu ya mgomba, yakiachwa mbali na shina kwa kadiri ya kiganja ili lisioze.

Chakula cha mti kipo jikoni. Hakuna jiji lenye maganda ya matoke kama Kampala. Kila asubuhi yanalundikwa kwenye majalala, wakati mti ulio nyuma ya jiko una njaa. Maganda hayo yalundikwe katika shimo dogo pamoja na majani na konzi ya majivu, yafunikwe kwa udongo, na baada ya miezi michache huwa mboji nyeusi. Debe moja la mboji hiyo kila miezi mitatu latosha kuutunza mti.

WADUDU NA MAGONJWA

Katika miaka ya 2010 aliingia Afrika Mashariki mdudu mmoja mbaya wa mipapai. Huonekana kama unga au pamba nyeupe kwenye majani machanga na matundani, nao hunyonya utomvu mpaka majani yanajikunja. Akiwa bado kidogo, aoshwe kwa maji ya sabuni kwa kutumia kitambaa au bomba la kunyunyizia, mara kwa mara, na majani yaliyokwisha kujaa yakatwe na kuchomwa. Sisimizi nao wazuiwe kupanda, kwani humlinda mdudu huyu kwa ajili ya majimaji yake matamu.

Upo pia ugonjwa wa virusi ambao huweka alama za pete juu ya matunda na kuyafanya majani kuwa na mabaka ya manjano. Huenezwa na vidukari, wala hauna dawa. Mti wenye dalili hizo ung'olewe mara moja, ingawa roho inauma, kwa sababu ukiachwa utaiambukiza mipapai ya mtaa mzima. Maboga na matango yasipandwe karibu, kwani ukoo huo nao huweza kuhifadhi virusi hivyo.

Mwenye mashaka aulize. Mamlaka ya Jiji la Kampala ina kituo cha kilimo cha mjini huko Kyanja, na taasisi ya utafiti ya Kawanda, iliyoanzishwa mwaka 1937 kwenye barabara ya Bombo, haiko mbali. Kilimo cha mjini si jambo la kuonea haya. Jiji lenyewe lilikitungia sheria ndogo mwaka 2006.

MEZANI

Papai lichumwe linapoanza kuonyesha mistari ya manjano, kisha limalizie kuiva ndani ya nyumba. Likiachwa mtini mpaka liive lote, ndege na popo watatangulia. Nyama ya papai lililoiva ina vitamini C kwa wingi, na ile rangi yake ya chungwa ni dalili ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho na kumpa mtoto nguvu ya kupambana na maradhi. Mtoto aliyeanza kula vyakula laini aweza kupewa papai lililopondwa vizuri. Katika nyumba ambayo matunda hununuliwa siku ya mshahara tu, mti mmoja waweza kulifanya tunda kuwa chakula cha kila wiki.

Papai bichi nalo lina kazi. Akina mama wa pwani hulisugua juu ya nyama ngumu kabla ya kuipika, na nyama hulainika, kwa kuwa utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini. Utomvu huo huo ndio uliowafanya wakulima wa Beni, mashariki ya Kongo, kulima mipapai kwa ajili ya viwanda. Yafaa kutahadhari: utomvu huwasha ngozi na macho, na akina mama wajawazito hushauriwa wasile papai bichi.

Mwaka wa tatu au wa nne ukifika, mti utakuwa umerefuka hata matunda hayafikiwi bila ngazi, nayo yatakuwa yamepungua ukubwa. Shina la mpapai ni laini na lina uwazi ndani. Mtoto asiruhusiwe kulipanda kamwe, na upepo mkali huweza kuliangusha. Wakati huo mti ukatwe, na mwingine uwe umekwisha kuanza kukua hatua tatu kutoka hapo. Mwenye busara hupanda mrithi mwaka mmoja kabla, ili nyumba isikae hata msimu mmoja bila papai.

Picha ya mplamu na ibaki ukutani kama pambo. Fedha ambazo zingenunua mche huo wa mbali zitatosha papai moja refu la sokoni, vifuko vichache vya plastiki na debe la samadi, na bado itabaki chenji ya sabuni. Mvua za msimu ujao zikianza, mwenye uwanja na awe na miche mitatu iliyofika shibiri moja, shimo lililokwisha kujazwa mboji, na ruhusa ya mwenye nyumba mkononi.